Jiko la mkaa lisilale na nyie chumbani

Baridi ya Juni na Julai ndiyo hii, na najua huku kwetu Uyole, Njombe hadi Makete wengi mnaingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Jamani, msilale nalo. Watu hungoja moshi uishe, mkaa ukishakuwa mwekundu tupu wanaona salama. Si salama hata kidogo. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukishaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, hiyo hewa haina pa kutokea.

Hata miji ya Marekani, dhoruba ya theluji ikikaribia, wakazi huonywa wasiwashe jenereta wala jiko la mkaa ndani ya nyumba.

Ota moto jioni, dirisha likiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabisa, siyo koridoni. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyokazwa kifuniko, izungushie kanga kuukuu, isogeze miguuni. Vaa soksi na kofia.

Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu jiko likiwa ndani, mtoeni nje hapohapo, kisha hospitali.