Namna ya kufuatilia kazi ya Evelyn Preer, mwigizaji wa filamu bubu

Anza na filamu yenyewe. Wasifu uje baadaye. Preer alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1896, akakulia Chicago, na mwaka 1919 akacheza katika The Homesteader, filamu ya kwanza ya Oscar Micheaux, mwongozaji filamu Mmarekani mweusi. Hiyo imepotea, pamoja na karibu zote alizocheza kwa Micheaux. Iliyobaki ni Within Our Gates ya 1920. Itazame mara mbili kabla hujaandika lolote.

Tafuta nakala ya Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye dakika 79 hivi. Ukiona watu wanatembea mbiombio, usiwalaumu waigizaji: kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa chini ya picha 24 kwa sekunde, na nakala yako inachezwa kwa kasi ya filamu za sauti. Punguza hadi robo tatu.

Mara ya kwanza fuata hadithi: Preer ni Sylvia Landry, mwalimu wa Kusini anayekwenda Boston kutafuta dola 5,000 za kuokoa shule ya watoto weusi. Mara ya pili zima muziki umwangalie yeye tu, hasa pale mzungu Gridlestone anapomvamia na kovu kifuani linapofichua kuwa ni bintiye. Hapo utaona jinsi alivyoweza kubeba kisa kizima bila sauti.

Usinukuu vibao vya maandishi vinavyojitokeza kati ya picha kama maneno ya Micheaux. Filamu ilipatikana Hispania kwa jina La Negra, na vibao hivyo vimetafsiriwa upya kutoka Kihispania.

Kwa filamu zilizopotea, pekua magazeti ya watu weusi, Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Tafuta pia kwa jina la Thompson, la mumewe Edward, mwenzake katika Lafayette Players, kikundi cha maigizo cha watu weusi. Kompyuta ikisoma magazeti yaliyofifia, Preer huweza kugeuka Freer au Greer, jaribu yote. Tangazo pekee halithibitishi kwamba filamu ilionyeshwa. Subiri uone uhakiki.

Mtego mkubwa ni Birthright, filamu ambayo Micheaux aliitoa mara mbili. Ya 1924 ndiyo aliyocheza Preer, nayo imepotea. Ile ya 1938 Micheaux aliitengeneza upya, na Preer alikuwa ameshafariki kwa nimonia Los Angeles, Novemba 1932, akiwa na miaka 36. Picha yoyote ya 1938 yenye jina lake chini imekosewa.