Bustani ya kiangazi, mwenzi akimaliza mkataba wa tamthilia

Mwenzi wako akiwa kwenye wiki za mwisho za kazi ya jukwaani, anarudi usiku wa manane na mawazo tele, bustani husahaulika kirahisi. Mwagilia alfajiri, maji yazame hadi mizizini. Kunyunyiza kidogo kidogo mchana ni kupoteza maji. Chomeka kidole kwanza: udongo ukiwa mkavu sentimita 5 chini, mwagilia. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Matango na maharagwe mabichi yachumwe kila baada ya siku mbili, maana yakikomaa yakiwa bado juu, mmea hupunguza kuzaa. Onyesho la mwisho likipita, uchumaji mwachie yeye. Maswali ya ajira mpya yangoje kidogo, tafadhali.