Kukaa mezani na binti anayeiogopa sahani

Nina kibanda cha chakula Buguruni. Saa saba mchana watu hula wamesimama, mabenchi yamejaa. Halafu narudi nyumbani Tabata, namkuta binti wa mdogo wangu akihesabu punje za wali kwa ncha ya uma. "Nimeshashiba, mama mkubwa." Mama ntilie mzima, na nyumbani kwangu mtoto anakauka! Ana anoreksia, ugonjwa unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa. Kabla ya kibanda nilifundisha baiolojia sekondari, basi nikarudi kwenye kusoma. Haya ndiyo ninayoyafanya. Aliye na mtoto kama huyu achukue linalomfaa.

Kabla ya sufuria, hospitali. Aliyekaa na njaa muda mrefu usimjazie sahani kwa furaha. Mwili uliozoea kukosa ukipokea wanga mwingi ghafla, fosfeti, madini ambayo mwili unayahitaji, inaweza kuporomoka kwenye damu, moyo ukayumba, hata kufa mtu akafa. Sisi tulipimwa damu na moyo kwanza, daktari ndiye akapanga tuanze na kiasi gani. Akizimia au moyo ukipiga polepole mno, usingoje kesho. Na ukiambiwa uende idara ya afya ya akili, Muhimbili au kwingineko, nenda. Majirani watasema tu.

Pili, acha kusema anaringa. Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys, kule Minnesota, Marekani, alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima kabisa, akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuchezea sahani saa nzima. Niliposoma hayo nilimkumbuka binti yetu siku ya Idi: pilau alipika yeye, akapakulia watu wote, yeye mwenyewe hakuonja hata chumvi. Njaa yenyewe huvuruga kichwa.

Sasa tuje kwenye ubongo, maana hapo ndipo nilipobadilisha meza yangu. Kuna dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana habari. Wengi hudhani ni utamu. Mtafiti wa ubongo, Wolfram Schultz, aliwapa nyani matone ya juisi huku akisikiliza seli zao za dopamini. Mwanzoni seli zilishtuka juisi ilipofika. Nyani walipoizoea ishara inayotangulia juisi, seli zikawa zinashtukia ishara. Juisi isipokuja, zinanyamaza. Kumbe ni hesabu ya tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Ni kama mteja wangu aliyelipia maharage akaletewa kuku.

Mwaka 2012 mtafiti Guido Frank na wenzake walipima hesabu hiyo kwa maji ya sukari. Kwa wanawake wenye anoreksia ubongo uliitikia kwa nguvu kuliko wa wenye afya, na kwa wenye unene uliopitiliza uliitikia kidogo. Mwaka 2021 wakaongeza maradhi mengine ya kula, wakaona kwamba mwitikio huo unakwenda na uzito na tabia ya kufakamia chakula kingi kwa mkupuo. Kwa hiyo hata yule anayefakamia usiku jikoni usimwite mlafi.

Mimi jikoni nikajitolea fundisho moja, ni langu, si la Frank: ikiwa ubongo wake huitikia kwa nguvu asichokitarajia, basi usimshtukize. Asubuhi namwambia, "Saa saba wali, maharage ya nazi, mchicha, na embe." Saa saba ikifika ni hivyo hivyo, sahani ile ile. Kuna siku nilijifanya mjanja nikazidisha tui kwa siri. Aligundua kwa kijiko cha kwanza, na siku tatu hakunywa hata chai niliyoiandaa mimi.

Tena usimuulize, "Utakula nini?" Mimi niliuliza miezi, nikidhani ni upole. Watafiti Karin Foerde na Joanna Steinglass, New York, mwaka 2015 walionyesha kwamba wenye anoreksia wanapochagua chakula, sehemu ya ubongo inayohusika na mazoea hushiriki zaidi kuliko kwa wengine. Swali lako linamrudisha kwenye njia anayoipita hata macho akifumba. Pakua wewe. Akilia, usibishane naye habari za mafuta. Sema, "Najua unaogopa, mwanangu. Kijiko kingine," kisha rudi kwenye habari za Simba na Yanga. Baada ya chakula kaeni pamoja nusu saa. Sisi tunachambua mchele wa kesho.

Na kufunga je? Alikuwa akifunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikijivunia mtoto mcha Mungu. Ugonjwa ulijificha humo. Nilimwomba imamu wa mtaani aseme naye, akamweleza mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kwangu mimi asingesikia.

Kilichobaki ni wageni. Hapa Dar mtu akikupenda anakwambia, "Umenenepa jamani, umenawiri!" Kwa binti huyu, neno hilo hulilipia kwa kukiacha chakula cha jioni. "Umepungua" nalo ni baya vilevile, maana analipokea kama zawadi. Kwa hiyo shangazi zake nawapigia simu wakiwa bado kwenye daladala: mkifika, msifieni mtandio.