Ukisahau namba ya siri ya M-Pesa

Nina kibanda cha M-Pesa hapa Kawangware, Nairobi, karibu na steji ya 46. Mteja akija amekwama, kwanza namwambia aache kubahatisha. Ukikosea mara ya tatu, M-Pesa inafungwa. Pesa zako ziko salama, ila huzigusi mpaka ufunguliwe.

Toa kitambulisho. Bonyeza *334#, ingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu ya namba ya siri, uchague kwamba umeisahau, kisha ufuate maagizo. Menyu ikikukatalia, piga 100 kwa laini hiyo hiyo, au 200 kama unalipia mwisho wa mwezi. Mhudumu atakuuliza maswali ya kuhakikisha ni wewe. Hapo ndipo wengi hukwama: laini imesajiliwa kwa jina la mume au dada. Basi mwenye kitambulisho ndiye aongee.

Mimi wakala siwezi kukufungulia, na namba yako sitaki kuijua. Mama mmoja alininyooshea simu: “Kijana wangu, nibonyezee tu.” Nikamwambia, “Hapana mama, mimi nakusomea, wewe bonyeza.” Tukamaliza hivyo, yeye ameziba kioo kwa leso.

Mtu akikupigia ati anataka kukufungulia, kata. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000, na hata wao hawaombi namba ya siri.

Namba ya siri ya benki ikifungwa na simu isisaidie, nenda tawini na kitambulisho chenyewe. Na namba mpya isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Umeandikwa kwenye kitambulisho.