Spika bapa ya sumaku: usikimbilie shaba
Unayejiundia spika bapa ya sumaku, ile yenye utando badala ya koni, usichague waya wa shaba kwa sababu tu inapitisha umeme vizuri. Waya umegandishwa kwenye utando wenyewe, kwa hiyo uzito wake hutikisika pamoja nao. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya shaba karibu 9. Alumini itabidi iwe nene zaidi, lakini kwa ukinzani uleule (kiasi waya unavyozuia umeme) bado uzito wake ni karibu nusu tu. Utando ukiwa mwepesi, wati zilezile hutoa sauti kubwa zaidi, na sauti nyembamba za juu hazififii.

Kero ni kulehemu: alumini hujivika oksidi papo hapo, risasi ya kawaida haishiki. Ncha zibane kwa skrubu au ribiti. Halafu pima ukinzani wa waya kwa omu kabla ya kuunganisha amplifaya; chini ya omu 4, amplifaya nyingi huchemka.