Kabla ya dripu na safari: mgonjwa wa saratani ajikinge vipi na korona

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 imekwisha. Kirusi chenyewe hakikuondoka. Mtu anayetibiwa saratani anaweza kulazwa kwa maambukizi yaleyale ambayo jirani yake anayapitisha kama mafua huku akiendelea kuchuma chai. Maandalizi yanaanza kwa kujua ni siku zipi mwili wako hauna kinga ya kutosha, kwa sababu hatari haiko sawa kila siku.

Dawa nyingi za saratani zinazopitia mshipani huua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni mojawapo, lakini zimo pia zile za uboho, ndani ya mifupa, ambako chembe nyeupe za damu hutengenezwa. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, halafu hupanda taratibu. Ndiyo maana mizunguko mingi hupangwa kila baada ya siku 21. Chukua kalenda, weka alama siku ya dripu, kisha zungushia siku hizo za katikati. Muulize daktari kama dawa yako inafuata hesabu hiyo, maana zipo zinazotofautiana.

Wagonjwa hawalingani kwa hatari. Wenye saratani za damu, yaani leukemia, limfoma na mieloma, wako mbele kabisa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umeshika seli za kinga. Wanaofuata ni wenye saratani ya mapafu na wanaotumia dawa kali kwa sasa. Aliyemaliza matibabu ya saratani ya matiti miaka kadhaa iliyopita na yuko salama hana sababu ya kuishi kwa hofu ileile. Umri mkubwa, kisukari na sigara huongeza uzito kwa yeyote.

Kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini kuna jambo linalosahaulika. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-23 ulikuta Njombe inaongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Saratani ya mlango wa kizazi na ile ya Kaposi huwapata zaidi wenye VVU, kwa hiyo kinga yao hupigwa pande mbili. Hakikisha ARV, yaani dawa za VVU, zinatosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, na umwambie daktari wa saratani unazitumia. Kuficha ni hatari, kwani baadhi ya ARV hubadilisha kiasi cha dawa ya saratani kinachobaki mwilini.

Chanjo ya korona, iliyoanza kutolewa Tanzania Julai 2021, haina kirusi hai kinachoweza kukuambukiza. Uliza kituo chako cha afya kama ipo. Ikiwezekana, ichomwe wiki 2 au zaidi kabla ya kuanza matibabu, mwili upate muda wa kutengeneza kinga. Anayepewa rituximab, dawa ya baadhi ya saratani za damu, anaweza asijenge kinga ya kutosha kwa takribani miezi 6 baada ya dozi, kwa hiyo chanjo ya mume, mke na watoto wakubwa nyumbani ina maana kubwa kwake.

Kuhusu safari. Wengi wa Nyanda za Juu Kusini hutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam: karibu kilomita 500 kutoka Iringa, zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Rudi nyumbani katika siku za mwanzo baada ya dripu, kama kutapika kumetulia na daktari ameruhusu, kabla chembe nyeupe hazijashuka. Kosa linalofanyika sana ni kukaa mjini kwa ndugu wiki nzima na kisha kupanda basi lililojaa siku ya 9 au ya 10. Siku chache kabla ya mzunguko unaofuata, pima picha kamili ya damu hospitali ya mkoa wako na umtumie daktari majibu kwa simu. Neutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya 1.0, mara nyingi dripu huahirishwa, nawe utakuwa umejiokolea nauli na saa nyingi za kupumua hewa ya abiria wengine.

Ndani ya basi kaa dirishani na ulifungue kidogo, hata kipande cha Makambako kwenye baridi. Vaa koti zito badala ya kufunga dirisha. Barakoa ya N95 au KN95 inayobana pua na mashavu hukinga vizuri kuliko ya kitambaa; beba 3 au 4, maana ikilowa haichuji vizuri tena. Kitenge kilichozungushwa usoni hakitoshi. Kitakasa mikono kiwe na kilevi cha angalau asilimia 60.

Nyumbani, Juni hadi Agosti ndiyo miezi migumu: milango imefungwa, watu wamezunguka jiko la mkaa chumba kimoja. Moshi huumiza njia ya hewa, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuua. Mgonjwa apate chumba chenye dirisha. Wanaokuja kumpa pole wasalimie kwa maneno. "Kamwene" haihitaji kushikana mikono. Mwenye kikohozi apige simu. Kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kinachozungushwa kimpite. Nyungu iachwe kabisa: mvuke huunguza, midomo yenye vidonda vya dawa haiuvumilii, na blanketi moja la watu wawili ni njia nzuri ya kuambukizana.

Homa ndiyo ya kuishika kuliko yote haya. Nunua kipimajoto cha dijitali kabla ya mzunguko wa kwanza. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura, usiku au mchana. Kwapani hupungua kama nusu nyuzi, hivyo 37.5 ya kwapani isipuuzwe. Usipime mara tu baada ya chai ya moto, na usimeze paracetamol kwanza, kwa sababu itaficha homa na bakteria waendelee kuenea kwenye damu. Dawa za steroidi, kama prednisolone na dexamethasone, nazo huficha homa. Anayezitumia aende hata kwa kutetemeka au kulegea tu. Wengi hununua dawa ya malaria na kusubiri kesho, na wengine hawaioni hiyo kesho. Mapokezi sema: "Natibiwa saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Antibayotiki zinatakiwa kuanza ndani ya saa 1. Vipimo vya malaria na korona vifanyike palepale bila kuzichelewesha. Kipimo cha haraka cha korona kikisema huna na dalili zipo, kirudiwe baada ya saa 48.

Mwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni apime akiwa mzima, aandike namba yake. Njombe na Makete ziko juu, na 94 inaweza kuwa kawaida ya mtu huko. Kinachotisha ni kushuka chini ya kawaida yako. Pasha vidole joto kwanza, futa hina na rangi ya kucha. Chini ya 90, nenda hospitali.

Ukithibitika una korona, usikatize matibabu ya saratani kimyakimya. Mpigie daktari, aamue kuahirisha au kuendelea. Mwenye kinga dhaifu anaweza kutoa kirusi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo siku ya kurudi wodini apange daktari.