Kupima ruhusa za faili kwenye NFS bila kudanganywa na ls -l

Mara ya kwanza kukagua ruhusa kwenye seva ya NFS (mfumo wa kushirikisha faili kupitia mtandao) nilimaliza kabla ya saa sita, na kila jaribio lilipita. Kumbe muda wote nilikuwa root, na seva ilikuwa imewekwa no_root_squash, yaani root wa mteja hubaki root kwenye seva (root_squash humnyima cheo hicho). Root hazuiwi na ruhusa za kawaida, kwa hiyo sikuwa nimepima chochote. Siku hizi nafanya hivi, kwenye Linux.

Hatua ya 1: Watumiaji watatu

Ukiwa root, kwenye seva na kwenye mashine ya mteja:

```
groupadd -g 6100 wajaribu
useradd -u 6001 -G wajaribu jaribu1
useradd -u 6002 -G wajaribu jaribu2
useradd -u 6003 mgeni
```

Namba lazima zilingane pande zote mbili. Kwa sec=sys (njia ya kawaida ya NFS kumtambua mtumiaji), ombi hubeba UID na GID (namba ya mtumiaji na ya kikundi), halibebi majina. Kama 6001 kwenye seva ni mtu mwingine, faili ni zake. NFSv4 inaweza kukuonyesha jina zuri kwenye ls -l huku uamuzi ukifanywa kwa namba. Kwa hiyo usitazame tu: soma, andika, futa, uone kinachotokea.

Hatua ya 2: Folda mbili

Kwenye seva:

```
install -d -m 2775 -g wajaribu /srv/majaribio
echo '/srv/majaribio 192.0.2.10(rw,sync,root_squash)' >> /etc/exports
exportfs -ra
```

Kwenye mteja (weka anwani yake badala ya 192.0.2.10, na jina la seva yako badala ya seva):

```
mkdir -p /mnt/majaribio
mount -t nfs -o noac seva:/srv/majaribio /mnt/majaribio
install -d -m 2775 -g wajaribu /var/tmp/kipimo
```

Folda ya kipimo iko kwenye diski ya mashine yenyewe, na ndiyo mizani yetu. Kila jaribio lianzie humo, kisha lirudiwe kwenye NFS. Majibu yakitofautiana, hapo pana jambo.

Nimeweka noac kwa sababu mteja hutunza sifa za faili kwenye kache, kwa kawaida kati ya sekunde 3 na 60, na chmod iliyofanywa kwenye mashine nyingine inaweza kuchelewa kuonekana. Ukishamaliza, rudia bila noac, maana watumiaji wako hawataitumia.

Hatua ya 3: Majaribio ya msingi

Ingia kwenye folda kwa cd, kisha:

```
sudo -u jaribu1 sh -c 'echo habari > a; chmod 640 a'
sudo -u jaribu2 cat a
sudo -u mgeni cat a
sudo -u jaribu2 rm -f a
```

Jaribu2 asome, mgeni akataliwe. Amri ya mwisho huwashangaza wengi: jaribu2 anafuta faili isiyo yake, na ni sawa kabisa, kwa kuwa kufuta hutegemea ruhusa ya folda. Weka chmod +t, inayozuia kufuta faili za wengine, kwenye folda (ile ya NFS, uiweke ukiwa kwenye seva), tengeneza a upya, ujaribu tena, sasa akataliwe. Kisha jaribu `touch b` ukiwa root wa mteja. Kwenye kipimo itakubali, kwenye NFS ikatae. Hii ndiyo tofauti pekee tunayoitaka hadi hapa.

Hatua ya 4: Vikundi zaidi ya 16

Hapa ndipo seva nyingi huanguka. Ombi la sec=sys lina nafasi ya vikundi 16 vya ziada tu. Kwenye mteja peke yake:

```
for i in $(seq 6040 6059); do
  groupadd -g $i ziada$i
  usermod -aG ziada$i jaribu2
done
```

GID hizi ni ndogo kuliko 6100 kwa makusudi: Linux hupanga vikundi kwa namba, hivyo kikundi cha wajaribu kinabaki nje ya vile 16. Jaribu2 asome a tena. Kwenye kipimo atasoma. Kwenye NFS akikataliwa, washa manage-gids ya mountd (huduma ya seva inayoshughulikia maombi ya mount) kwenye /etc/nfs.conf ya seva, uwashe huduma upya. Seva itaacha orodha ya mteja na kutafuta vikundi yenyewe. Akisoma moja kwa moja, huenda tayari imewashwa.

Hatua ya 5: Faili iliyokwisha kufunguliwa

```
sudo -u jaribu1 sh -c 'exec 3>c; chmod 000 c; echo bado >&3'
```

Lazima ipite kote, kwani ruhusa huangaliwa wakati wa kufungua. Seva ya NFSv3 haikumbuki nani amefungua nini, hukagua kila ombi, ila humpa mwenye faili msamaha. Asiye mwenye faili hana msamaha huo: anaweza kukatwa katikati ya kusoma baada ya chmod, jambo ambalo diski ya kawaida haifanyi. Liandike kama tofauti inayojulikana, usilihesabu kuwa kasoro.

Hatua ya 6: pjdfstest

Mkono wako hautafika kila kona. pjdfstest ina maelfu ya majaribio ya chmod, chown, rename na mengineyo, na hukagua hata aina ya kosa linalorudishwa. Inahitaji root, hivyo ipe export yake (folda inayotolewa na seva kupitia /etc/exports) yenye no_root_squash, isiyo na data ya mtu. Ukiwa ndani ya folda hiyo:

```
prove -r /njia/ya/pjdfstest/tests
```

Iendeshe kwenye kipimo pia, ulinganishe matokeo kwa diff. Kisha ifute export hiyo siku hiyohiyo.